Dakika 200 za kugawana: majibu kwa wanaohama vyuo vya kikapu Marekani

Barua za mwezi huu karibu zote zina jambo moja: mchezaji anahama chuo Marekani, vyuo hasimu vinamgombea, na watu wanabishana kipi ni bora. Tumejibu zile zinazowafaa wengi. Kanuni tunazozitaja ni za msimu wa 2025-26. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, hugeuza kanuni zake karibu kila mwaka, kwa hiyo ziangalieni upya kabla ya kusaini chochote.

Tshiebwe: Kentucky ilimtengeneza, au angefika tu?

*Huku Lubumbashi bado tunabishana juu ya mtoto wetu Oscar Tshiebwe. Wengine wanasema West Virginia walimpotezea wakati na Kentucky ndiyo iliyomtengeneza. Wengine wanasema angefika popote pale. Nani ana haki?*
Shabiki, Lubumbashi

Kila upande umeshika kipande. Tshiebwe aliingia chuo cha West Virginia mwaka 2019, na msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 11.2 na ribaundi (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) 9.3. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza hiyo si kazi ndogo. Msimu wa pili ukamwendea kombo: mechi 10, pointi 8.5, ribaundi 7.8, na mwanzoni mwa Januari 2021 akafunga virago. Siku chache baadaye akatangaza kwenda Kentucky, akafanya mazoezi tu hadi msimu ukaisha. Aliporudi uwanjani 2021-22 alimaliza na pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote.

Sasa zitazameni timu zenyewe. Msimu ule aliohama, Kentucky yenye mataji 8 ya taifa ilishinda mechi 9 na kupoteza 16. West Virginia, ambayo haina taji la NCAA hata moja, iliingia mashindano ya taifa ikipangwa ya tatu katika kundi lake. Kijana aliacha timu inayoshinda akaenda timu inayopigwa. Angefuata msimamo wa ligi, asingetoka.

Alichokwenda kukichukua ni eneo la chini ya kikapu. Kocha Bob Huggins wa West Virginia alikuwa akiwachezesha warefu wawili kwa pamoja, Tshiebwe na Derek Culver. Wawili hao walisimama karibu na kikapu, na hapo walinzi wa timu pinzani hawakuwa na haja ya kutoka nje: mmoja akimkaba mwenye mpira, mwenzake yuko hatua mbili tu kusaidia. Tshiebwe alipoondoka, Huggins alimbakiza Culver ndani na kumzungushia wachezaji wanne wadogo, na timu ikachangamka. Kentucky nayo ikampa Tshiebwe kile kile ambacho Culver alibaki nacho, yaani eneo zima peke yake, na nje wapo watupaji wa alama tatu kama Kellan Grady ambao huwezi kuwaacha bila mtu.

Dakika zake nazo zikapanda, kutoka chini ya 25 kwa mechi hadi zaidi ya 30. Ukipima ribaundi kwa kila dakika 40, alitoka takriban 16 akafika takriban 19. Kumbe katika lile pengo kubwa la 9 na 15 ambalo watu wanalisimulia vijiweni, kama nusu yake ni muda wa kuwa uwanjani tu. Nusu ya pili ndiyo mchanganyiko wa ukuaji wake na mfumo mpya. Machi 2022 alipata pointi 30 na ribaundi 16 katika mechi moja ya mashindano ya taifa, na Kentucky ikatolewa siku hiyo hiyo na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, 85-79 baada ya muda wa nyongeza.

Vyuo viwili mahasimu vimempigia mwanangu simu

*Ndugu wahariri, mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni Marekani, anacheza senta, ana futi 6 na inchi 10. Anataka kuhama. Vyuo viwili vya ligi moja, mahasimu wa miaka mingi, vimempigia simu. Kimoja kina jina kubwa na ukumbi wa kutisha, cha pili hakijawahi hata kufika nusu fainali ya taifa. Mimi mpira siujui. Nilinganishe nini?*
Mama wa senta, Arusha

Mama, anza na hizo simu. Kama jina la mwanao halijaingia kwenye lango la uhamisho la NCAA, yaani orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama, kocha wa chuo kingine haruhusiwi kuzungumza naye, wala kupitia mjomba au kocha wake wa zamani. Utaratibu ni huu: kijana anaiandikia ofisi ya kanuni ya chuo chake kwamba anataka kuhama, anamaliza somo fupi la mtandaoni kuhusu uhamisho, kisha chuo kina siku mbili za kazi kuingiza jina lake. Kwa mwaka 2026 dirisha la kikapu ni siku 15, kuanzia siku inayofuata fainali ya taifa. Ndani ya siku hizo anatakiwa kuingiza jina tu, na kuchagua chuo anaweza baadaye. Ila ajue kwamba akishatoa taarifa, chuo chake kinaweza kumsitishia ufadhili muhula ukiisha, na akibadili mawazo hakilazimiki kumpokea.

Halafu weka majina ya vyuo pembeni, uhesabu dakika. Mechi ya chuo ni dakika 40 na uwanjani wapo watano, kwa hiyo kila timu ina dakika 200 za kugawa. Nafasi mbili za warefu, senta na fowadi mkubwa, zina 80 kati ya hizo. Fungua takwimu za msimu uliopita za kila chuo, uandike warefu wote na dakika zao kwa mechi. Wafute wanaohitimu, walioingia langoni na wanaokwenda kujaribu NBA. Kinachobaki kwenye karatasi ndicho kilichokwisha kushikwa.

Tuseme chuo chenye jina kinarudisha senta wa dakika 28 na fowadi wa dakika 26. Hizo ni 54, zimebaki 26, na wapo vijana wawili wapya waliokwisha kusaini kwa nafasi hiyo hiyo. Chuo cha pili kinarudisha mmoja tu wa dakika 19, zimebaki 61, na mpya ni mmoja. Kwa hesabu hii mwanao anagombea dakika 26 na watu wawili kule, na 61 na mtu mmoja huku. Ukumbi wa kutisha unapendeza zaidi ukiwa unacheza humo.

Karatasi hiyo usiitupe baada ya kuchagua. Vyuo vingi vikubwa sasa vina kikomo cha wachezaji 15, na kocha huendelea kujaza nafasi hadi kiangazi: walioingia langoni siku ya mwisho wanaweza kusaini wiki nyingi baadaye, na siku hizi wanaletwa pia vijana kutoka klabu za Ulaya. Muulize kocha mbele ya mwanao, "Mtachukua mrefu mwingine? Akija, huyu wangu anacheza na nani?" Jibu lake halimfungi kisheria. Lakini kocha aliyekwisha kupanga kikosi hutaja majina, na asiyepanga hukuambia kwamba mwenye bidii atacheza.

Mfano wa kuangalia ni AJ Storr. Akiwa Wisconsin msimu wa 2023-24 alipata pointi 16.8 kwa mechi. Akahamia Kansas, jina kubwa zaidi, timu iliyopangwa ya kwanza nchini kabla msimu haujaanza. Kule kulikuwa na watu wengi wa nafasi yake na mpira ulipitia kwa senta Hunter Dickinson. Pointi zake zikashuka hadi 6.1, na Kansas yenyewe ikatolewa raundi ya kwanza na Arkansas, 79-72. Mwaka uliofuata alihama tena.

Jambo la pili ni namna senta anavyopewa mpira. Tafuta mechi tatu kamili za kila chuo, mojawapo iwe waliyopoteza, na mwanao azitazame akiwa na kalamu. Kila senta anapogusa mpira aandike: ameupokea wapi, akiwa amesimama au anakimbilia kikapu, na baada ya hapo nini kimetokea. Vipo vyuo ambavyo senta hugusa mpira mara 30 lakini 20 kati ya hizo ni kuupokea juu na kuupasia mwenzake. Vipo vinavyomtumia kumzuia mlinzi ili gadi, yule mdogo anayeendesha mpira, apenye, kisha yeye anateremka kikapuni na kupewa pasi ya juu. Kama mwanao ni mzito na mikono yake ni laini karibu na kikapu, mfumo wa pili na ule wa kumpa mpira mgongo ukiwa kikapuni unamfaa. Wa kwanza utamwonyesha kama hajui mpira.

Atazame na ulinzi pia. Gadi wa timu pinzani anapotumia kizuizi, senta wa chuo hicho anarudi nyuma kulinda kikapu, au anabadilishana mtu na kumfuata gadi hadi nje? Mrefu mzito akipelekwa kwenye timu ya kubadilishana atachomwa, na kocha atamtoa dakika tano za mwisho, ambazo ndizo wasaka vipaji wa NBA huzitazama sana.

Uhasimu wa vyuo hivyo una faida moja kwako: vinakutana uwanjani, na karibu wapinzani wao wote ni wale wale, kwa hiyo kipimo ni kimoja. Lakini usilinganishe ushindi na kupoteza kwa macho matupu. Katika ligi ya SEC, kwa mfano, timu ni 16 na mechi za ligi ni 18: kila timu inakutana na wapinzani 12 mara moja na watatu mara mbili. Aliyepangiwa watatu dhaifu amepata mteremko. Tumia hesabu za wataalamu zinazopima pointi kwa mashambulizi 100 na kurekebisha ugumu wa wapinzani, kama za Ken Pomeroy, uangalie safu ya ulinzi na ya ushambuliaji kila moja peke yake.

Kuhusu ufadhili, taka karatasi. Isomeke kama ni mwaka mmoja au hadi ahitimu, kama masomo ya kiangazi yamo, kama nyumba na chakula vimo hata chuo kikifungwa, na nani analipa matibabu ya jeraha la mchezoni baada ya kuondoka chuoni. Muulize pia kocha mkuu ana mkataba hadi lini. John Calipari alipotoka Kentucky kwenda Arkansas mwaka 2024, kikosi karibu chote kilitawanyika, wengine wakimfuata. Kocha akiondoka, wachezaji hufunguliwa dirisha lao la siku 15, lakini kupata chuo kizuri wakati wengine wameshajaza nafasi ni shughuli.

Ninafunga zaidi yake, mbona wanamtafuta yeye?

*Shikamooni. Mimi ni gadi, natoka Nakuru, nasoma chuo kidogo cha Divisheni ya Kwanza. Nina wastani wa pointi 15 kwa dakika 34. Mwenzangu wa chuo hasimu ana 12 kwa dakika 27. Sote tumeingia langoni na makocha wakubwa wanamtafuta yeye. Nimewatumia takwimu za timu zetu. Tatizo ni nini?*
Gadi, Nakuru na Marekani

Marahaba, binti. Tatizo liko kwenye kasi ya timu yako. Hesabu mashambulizi hivi: chukua mitupo yote ya timu, toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotea, kisha jumlisha mitupo huru ukiizidisha kwa 0.475. Kwa namba ulizotuma, timu yako ina mitupo 60, ribaundi za kushambulia 10, mipira iliyopotea 13 na mitupo huru 20. Hiyo ni 60 toa 10, ongeza 13, ongeza 9.5, jumla 72.5 kwa mechi. Timu ya mwenzako, kwa hesabu hiyo hiyo, inapata 64.

Wewe ukiwa uwanjani dakika 34 kati ya 40 unashiriki mashambulizi 61.6. Pointi 15 hapo ni sawa na 24.3 kwa mashambulizi 100. Mwenzako anashiriki 43.2, na pointi zake 12 ni 27.8 kwa mashambulizi 100. Amekupita, na kocha anayekutazama analiona hilo kwenye kompyuta yake kabla hajafungua video hata moja.

Ongeza mitupo. Unatupa mara 13 na kuingiza 5, mbili zikiwa za alama tatu. Ukiipa ya alama tatu nusu ya ziada, ni 6 kwa 13, asilimia 46. Yeye anatupa 8, anaingiza 4, mbili za alama tatu: 5 kwa 8, asilimia 62.5. Kocha mkubwa ana wafungaji tayari. Anatafuta mtu atakayetupa mara 8 bila kuharibu, na mwenzako anafanana na mtu huyo.

Usikate tamaa, ila jua ni namba zipi zinasafiri na zipi hubaki zilikotoka. Asilimia ya mitupo huru husafiri vizuri. Ya alama tatu husafiri ikiwa umetupa za kutosha: ukitupa 40 na kuingiza 14 una asilimia 35, zikiingia mbili zaidi una 40, na mbili ni bahati tu. Tunaanza kuiamini ikifika 150 hivi. Kupenya hadi kikapuni ndiko kunakoharibika ukipanda daraja, maana wanaokusubiri chini ni warefu kwa inchi mbili tatu zaidi. Katika video zako weka mitupo uliyopewa pasi ukiwa umesimama tayari, kwa sababu chuo kikubwa mpira hautakuwa mikononi mwako muda wote.

Wapo waliopanda daraja bila kupungua. Dalton Knecht alipata pointi 20.2 akiwa Northern Colorado, akapata 21.7 akiwa Tennessee. Walter Clayton Jr. alitoka Iona na 16.8, akapata 17.6 mwaka wa kwanza Florida, na mwaka 2025 akawa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano Florida ilipotwaa taji. Wote wawili walikwenda mahali palipokuwa na pengo la mfungaji.

Kwa upande wa wanawake, msome Hailey Van Lith, maana ni gadi kama wewe. Akiwa chuo cha Louisville alipata pointi 19.7 msimu wa 2022-23. Akaenda LSU, mabingwa wa taifa wakati huo, akapewa kazi ya kuendesha timu, kazi ambayo hakuwa ameizoea, katikati ya wafungaji kama Angel Reese na Flau'jae Johnson. Pointi zikawa 11.6. Watu wakasema amekwisha. Akahamia TCU, chuo ambacho hakikuwa na historia kubwa, akapewa mpira na senta mrefu, Sedona Prince, wa kucheza naye mchezo wa wawili. Akapata 17.9, na TCU ikafika robo fainali ya taifa kwa mara ya kwanza. Mkono ulikuwa ule ule miaka yote mitatu.

Krediti zimekataliwa

*Mpwa wangu alikuwa ameshatangaza chuo kipya kwenye mitandao, jezi ameshapigia picha. Sasa anaambiwa hawezi kuingia, masomo yake hayatoshi. Inawezekanaje na alama zake ni nzuri?*
Mjomba, Dallas

Inawezekana, na imewakuta wenye majina. Caleb Love wa North Carolina alitangaza mwaka 2023 kwamba anakwenda Michigan, mambo ya udahili yakakwama, akaishia Arizona. Novemba mwaka huo huo alirudi jimboni North Carolina na Arizona, wakawafunga Duke kwao, 78-73. Yeye alipata pa kwenda. Wengi hawapati, kwa sababu nafasi zimejaa wakati wao wanasubiri barua.

Alama nzuri ni jambo moja, na krediti, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, zinazohesabika kwenye shahada mpya ni jambo jingine. Kwa miaka mingi kipimo cha NCAA kimekuwa asilimia 40 ya shahada mwanzoni mwa mwaka wa tatu, 60 mwaka wa nne, 80 mwaka wa tano. Waulizeni ofisi ya kanuni ni kipimo gani kinatumika kwa anayehama mwaka huu. Tuseme mpwa wako ana krediti 66 na shahada mpya inataka 120. Chuo kikipokea zote 66 lakini 45 tu ndizo zinazoingia kwenye shahada hiyo, ana asilimia 37.5. Anatakiwa kuwa na 48. Amepungukiwa 3, yaani somo moja la kiangazi, na hilo linatibika mwezi Juni. Likigundulika Agosti, halitibiki.

Kosa linalorudiwa ni kumwuliza kocha. Kocha msaidizi atasema "tutapanga". Peleka transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, kwa msajili na kwa idara yenyewe, upate orodha ya kila somo: limepokelewa, limekataliwa, au limepokelewa kama somo la ziada lisilosogeza shahada. Angalia na mfumo wa mihula. Chuo kinachogawa mwaka kwa robo, kama UCLA au Oregon, kina krediti ndogo: 90 za robo ni 60 za mihula miwili. Pia kubadili fani katikati ya njia hula krediti kuliko kuhama kwenyewe.

Je, hasimu anaruhusiwa kumchukua?

*Duke na North Carolina ni jirani. Mchezaji anaweza kuvuka barabara tu akahamia kwa adui?*
Msomaji, Mombasa

Anaweza. Ni kama kilomita 16 kutoka ukumbi hadi ukumbi, na NCAA haina katazo. Zamani ligi zenyewe ziliweka vikwazo kwa anayehama ndani ya ligi. SEC iliondoa chake mwaka 2021. Mwaka 2025 Denzel Aberdeen alitoka Florida akiwa bingwa wa taifa na kwenda Kentucky, ligi ile ile, na akacheza bila kusubiri.

Kizuizi cha siku hizi kiko kwenye mkataba. Tangu Julai 1, 2025, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote mwaka wa kwanza. Mikataba mingine ina kifungu kwamba mchezaji akiondoka mapema, yeye au chuo kipya kinarudisha kiasi fulani. Kisomwe na mwanasheria asiyelipwa na chuo.

Thabeet mbona hakuhama?

*Hasheem Thabeet wetu alikaa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) miaka mitatu. Leo angehama?*
Msomaji, Dar es Salaam

Wakati wake anayehama katika kikapu alikaa nje msimu mzima, kwa hiyo watu walifikiri mara mbili. Uhuru wa kuhama mara moja na kucheza papo hapo ulikuja 2021, na tangu 2024 unaweza kuhama mara yoyote ukiwa unatimiza masharti ya masomo. Thabeet alianza na pointi 6.2, akapanda 10.5, kisha 13.6 na ribaundi 10.8, na mwaka 2009 akachukuliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya. Mfumo ulikuwa mmoja, kocha Jim Calhoun mmoja, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuziba kikapu. Leo, kijana mwenye pointi 6 mwaka wa kwanza na urefu ule angepigiwa simu na nusu ya nchi. Kwa maoni yetu, senta anayeanza mchezo akiwa mkubwa, kama yeye, hupoteza zaidi akihama mapema kuliko gadi, maana kila kocha mpya huanza kumfundisha miguu upya.

Viza na pesa

*Niko na viza ya mwanafunzi, F-1. Nimepata chuo kipya. Kocha anasema nije Juni kwa mazoezi. Je, viza yangu inahama nami? Na zile pesa za jina na picha naruhusiwa?*
Fowadi, kutoka Bujumbura

Kinachohama ni rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na haihami yenyewe. Ukishapata barua ya kukubaliwa, ipeleke kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha zamani, mkubaliane tarehe ya kuachilia rekodi. Tarehe hiyo ikifika ndipo chuo kipya kinakupa fomu mpya ya I-20, ile inayothibitisha wewe ni mwanafunzi wao. Unatakiwa kuripoti kwao ndani ya siku 15 tangu muhula wako uanze, na masomo yaanze ndani ya miezi mitano tangu rekodi iachiliwe.

Wachezaji wengi hukosea kwenye tarehe. Wakiweka Agosti kwa mazoea, Juni inafika na chuo kipya hakiwezi kuwasajili masomo ya kiangazi, kwa hiyo mazoezi yanakwama. Wakiiweka kabla mitihani haijaisha, chuo cha zamani hakiwezi tena kugusa rekodi yao, na kazi ya ndani ya chuo inaishia hapo. Chagua siku chache baada ya alama za mwisho kutoka.

Pesa zina utata. F-1 inaruhusu kazi za ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na matangazo ya biashara hayamo. Zach Edey wa Purdue, Mkanada, alibanwa na hilo hilo hata akiwa mchezaji bora nchini. Tshiebwe alipokwenda Bahamas na Kentucky Agosti 2022 alifanya kazi zake za matangazo kule, nje ya ardhi ya Marekani. Kuhusu malipo ya moja kwa moja kutoka chuoni, wanasheria wa uhamiaji hawajakubaliana, na atakayelipa kosa ni wewe mwenye viza. Usisaini kabla wakili wa uhamiaji hajasoma. Mikataba ya jina na picha (NIL) na watu wasio wa chuo, ikifika dola 600 au zaidi, lazima iripotiwe pia kwenye mfumo wa ukaguzi unaoitwa NIL Go.

Na usitoke Marekani kiangazi hiki bila kuuliza. Amri za Juni na Desemba 2025 zimesimamisha utoaji wa viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi na Tanzania zikiwemo. Kama viza iliyo kwenye pasipoti yako bado haijaisha, jina la chuo cha zamani juu yake si tatizo, unaweza kuingilia nayo ukiwa na I-20 mpya. Kama imeisha, unaweza kuendelea kusoma na kucheza ukiwa ndani, lakini ukitoka utahitaji mpya. Mwambie kocha mapema, hasa kama timu ina ziara ya nje mwezi Agosti.